Mapeasi ya Mwezi wa Tatu

"Wema wenu anahesabiwa," Mama Glory alisema hata kabla hajaingia uani. "Na hesabu imeshapita elfu mbili!"

Mwanahamisi alikuwa ameinamia beseni la nepi, mtoto mgongoni. Hakuinua kichwa. Habari za Mama Glory zilikuwa kama mboga za sokoni, zinanyunyiziwa maji ili zionekane zimechumwa leo. Mama huyo alitoka Njombe akiwa msichana, akaja kuchuma chai, akaolewa huku huku, na sasa hapakuwa na jambo lililopanda mlima kufika Kwemtundi bila kupumzika kwanza nyumbani kwake.

"Anahesabiwa na nani?"

"Na kompyuta! Mwalimu Nikodemo kanionyesha kwenye simu kwa macho yangu haya. Dokta Wema anapasua saratani huko Dar, akimaliza anaandika. Maandishi hamsini na kitu! Sasa, msomi yeyote duniani akiandika chake akaegemea cha Wema, lazima amtaje jina, asipomtaja ni mwizi. Kompyuta inakaa pale, kila akitajwa inaongeza moja. Na unajua lipi linaongoza?"

Mwanahamisi alikamua nepi mpaka tone la mwisho. Alilijua.

"La huku kwetu! La wanawake na mazao. Lenyewe peke yake watu mia nane wamelitaja. Wahindi wameiga, wanawauliza wanawake wao kwa msimu wa maembe. Na jina wameipa, wanaiita Njia ya Wema."

"Njia ya Wema," Mwanahamisi alirudia, kama mtu anayeonja chakula kilichoingia mchanga.

"Ndiyo. Ila ngoja." Mama Glory alivuta kigoda, akakaa bila kukaribishwa. "Wanasema kuna daktari kijana wa Mwanza kamchokonoa. Kaandika kwamba hesabu za Kwemtundi hazikai sawa. Kwa hiyo mwenyewe anakuja Jumamosi. Wanasema anamtafuta aliyemharibia."

"Kaharibiwa na nani tena?"

"Mie nitajua? Mie mchuma chai." Akacheka, akamtazama mwenzake kwa pembeni. "Ila wewe si ndiye uliyekuwa unazunguka naye kuuliza?"

Alipoondoka, Mwanahamisi alibaki amesimama na nepi mkononi. Aliogopa, lakini haukuwa woga mtupu. Ndani yake kulikuwa na kitu kitamu, ambacho angeona haya kukionyesha hata kwa mumewe. Watu elfu mbili walilijua jina la Wema. Kosa la Wema alilijua mtu mmoja tu duniani, naye alikuwa hapo uani, anaanika nepi.

* * *

Walikulia Mlola, nyumba zao zikitenganishwa na shamba la maharage. Wema alikuwa mkubwa kwa miaka saba. Baba yake alikuwa mwalimu, na nyumbani kwao kulikuwa na rafu ya vitabu ambayo Mwanahamisi aliruhusiwa kuipangusa vumbi. Wema alisoma Lushoto mjini, akaenda Korogwe, akaenda Dar. Kila likizo alirudi na maneno mapya, na Mwanahamisi aliyasikiliza kwa makini, akijiambia kwamba zamu yake inakuja.

Zamu haikuja. Mwaka alipomaliza darasa la saba, karatasi ya waliochaguliwa ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu. Alisoma majina kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu, halafu akaweka kidole akapita jina moja moja. Lake halikutoka. Tangu siku ile hawezi kuona orodha yoyote ya majina, iwe ya harusi au ya chanjo, bila kuipitia kwa kidole kutoka juu hadi chini.

Mwanahamisi alipofika miaka kumi na saba, Wema alirudi akiwa mwanafunzi wa udaktari, amebeba daftari kubwa jekundu na swali moja. Alitaka kujua wanawake wa milimani wanakaa muda gani na uvimbe wa titi kabla ya kwenda hospitali. Tarehe ya kufika hospitali ilikuwa kwenye kadi. Tarehe ya kuushika uvimbe kwa mara ya kwanza hakuna aliyekuwa nayo.

Alimchukua Mwanahamisi amwongoze, na siku ya kwanza walirudi mikono mitupu. Wema aliuliza, "Mama, ni mwezi gani uliona dalili?" Kina mama wakatazama chini, wakasema zamani, wakasema hawakumbuki, mmoja akasema muulize mume wangu. Siku ya pili, katika nyumba ya nne, Mwanahamisi alichoka kuona aibu. Alimsogelea bibi mwenye nyumba, akamuuliza kwa Kishambaa, taratibu, kama anauliza habari za shamba: siku ile ulipokishika hicho kitu, shambani kulikuwa na nini? Mahindi yalikuwa yanapaliliwa? Maharage yalikuwa yanang'olewa? Au mapeasi yalikuwa yanaiva?

"Mapeasi," bibi akajibu hapo hapo. "Nilikuwa nayapanga kwenye tenga, mkono ukapita hapa."

Wema aliacha kuandika, akamtazama Mwanahamisi kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Jioni ile walikaa kwenye ngazi za nyumba ya mwalimu, wakachora kalenda nyuma ya daftari jekundu. Wema alitaja mwezi na Mwanahamisi akataja zao. "Mapeasi?" "Januari, dada. Mapeasi ni Januari." Wema akaandika.

Kuanzia hapo Mwanahamisi aliuliza, Wema akaandika. Walizunguka miezi miwili, Mlola na vitongoji vyake, kisha wakapanda hadi Kwemtundi, kule juu ambako ukungu huingia ndani kama mwenye nyumba. Wanawake ishirini na saba wa Kwemtundi walihesabiwa. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Bi Zainabu, mjane mcheshi aliyekuwa ameshapasuliwa na kupona. "Mapeasi yalikuwa yanaiva," alisema, na kadi yake ya hospitali ilisema mwezi wa tano. Wema akapiga hesabu kwa vidole: Januari hadi Mei, miezi minne.

"Huyu msichana wako ana mdomo wa asali," Bi Zainabu alimwambia Wema. "Ameshaposwa?"

Miaka miwili baadaye andiko lilitoka. Wema alituma nakala Mlola, na baba yake akawasomea watu barazani, akitafsiri. Mwanahamisi alisubiri jina lake tangu mstari wa kwanza. Mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, waliandikwa kushukuriwa "wakazi wa vijiji vilivyoshiriki." Mzee akafunga karatasi, watu wakapiga makofi. Mwanahamisi alipiga makofi pia. Halafu akaenda nyuma ya nyumba akakaa karibu na banda la kuku. Hakulia. Alikaa tu, na kitu kama mwiba wa samaki kikamkwama kooni.

Mwiba ule haukutoka hata alipoolewa na Selemani, mtoto wa Bi Zainabu, akahamia Kwemtundi. Harusi ilikuwa mwezi wa pili. Kulikuwa na mpeasi mkubwa mbele ya nyumba, na bibi harusi aliushangaa: mapeasi yalikuwa madogo, magumu kama mawe.

"Mama, mti huu unaumwa?"

"Unaumwa nini? Una baridi kama sisi. Subiri mwezi wa tatu."

Mwezi wa tatu mapeasi yakaiva. Hayakuwa ya mti ule peke yake, yaliiva Kwemtundi nzima. Mwanahamisi alikuwa juu ya ngazi, tenga limening'inia, alipokumbuka ngazi nyingine, zile za nyumba ya mwalimu, na sauti yake mwenyewe ikisema Januari. Huko chini kwao ni Januari. Huku juu ni Machi. Wanawake wote wa Kwemtundi waliotaja mapeasi walikuwa wamebandikwa miezi miwili ambayo hawakuikaa. Bi Zainabu alikaa miwili, si minne.

Angeweza kupiga simu siku ile ile. Namba ya Wema alikuwa nayo. Alishuka ngazi, akatua tenga, akajiambia nitapiga kesho. Kesho yake akajiambia: hata nikisema, nani atajua kama ni mimi niliyesema? Ikawa mwaka, ikawa sita.

Katika miaka hiyo maneno ya andiko lile yaliteremka kutoka kwa wasomi hadi kwa wauguzi, na kutoka kwa wauguzi hadi kwa kina mama waliokaa kwenye mabenchi. "Nyie wa juu ndio mnaochelewa. Nyie wa juu mnakaa na vitu titini miezi minne mnasubiri mganga." Bi Zainabu alirudi kutoka kliniki kila mara amekasirika. "Mimi sikukaa," alikuwa akisema huku akivua viatu. "Mwana, wewe uliniuliza mwenyewe. Mimi nilikaa?"

"Hukukaa, mama."

"Basi waambie."

Mwaka jana Bi Zainabu alifariki, kwa ugonjwa mwingine, na hakuna aliyekuwa amewaambia.

* * *

Ijumaa asubuhi Selemani alimkuta mkewe juu ya mpeasi.

"Mbona unachuma yote?"

"Ndege."

"Ndege gani hao wa siku moja?"

"Wewe nenda kwenye kabichi zako, Baba Hamza."

Selemani alitikisa kichwa, akaenda. Mwanahamisi alishusha matenga matatu, akayaingiza chumbani, akayafunika kanga mbili. Alifagia majani na mapeasi yaliyooza chini ya mti mpaka pakawa kama hapajawahi kuzaa kitu. Aje, aangalie, arudi. Atafute kwenye hizo kompyuta zake.

Jumamosi Wema alifika kwa bodaboda, matope mpaka magotini, amekumbatia mkoba kifuani. Nywele zilikuwa zimeanza mvi mbele. Mwanahamisi alimtazama kwa jicho la haraka, kuanzia kucha zilizokatwa fupi hadi saa nyembamba na viatu laini vya mjini, na kila alichokiona kilimchoma mahali pake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Mwana. Au Mama Hamza siku hizi?" Wema alikuwa anahema na kucheka kwa pamoja. "Huu mlima umekua tangu nilipoupanda, au mimi nimezeeka?"

"Mlima ni ule ule."

"Basi umenijibu vibaya." Alinyoosha mikono. "Lete huyo mtoto. Pole na msiba wa mama. Nilisikia nikiwa safarini, sikufika. Nisamehe."

Walikaa jikoni, karibu na moto. Mwanahamisi alimimina chai ya tangawizi. Mtoto alilala kwenye mapaja ya Dokta Wema kana kwamba anamjua, jambo ambalo nalo lilimuudhi mama yake.

"Tumesikia unahesabiwa," alisema. "Elfu mbili."

Wema alikunja uso. "Mama Glory bado yuko hai?"

"Yuko, na simu kubwa."

"Elfu mbili mia tatu na kitu. Ni upuuzi, Mwana, ila ndio tunaopimwa nao. Ukiomba cheo wanakuuliza umetajwa mara ngapi. Ukiomba kufanya utafiti mwingine, hivyo hivyo. Namba hiyo nimekuwa nikiiangalia asubuhi kama mtu anayeangalia kuku wametaga mangapi." Alikunywa chai. "Siku hizi siiangalii."

Alitoa daftari jekundu. Jalada lilikuwa limepauka na kona zimelika. Mwanahamisi aliona mwandiko wa ujana wa Wema, na pembeni kalenda yao ya mazao, na doa la chai lililobaki tangu siku ile ya ngazi. Hakutegemea kwamba daftari litamuumiza kuliko mwenye daftari.

"Tazama hapa. Mafaili ya hospitali yanasema uvimbe wa wanawake wa Kwemtundi ulikuwa mdogo walipofika. Mdogo, kama wa mtu aliyewahi. Daftari langu linasema walichelewa kuliko wote. Mwili unasema hivi, mimi nasema vile. Kijana wa Mwanza ndiye aliyeona. Mimi niliyeshika kisu miaka yote hii, sikuona." Alipitisha kidole kwenye orodha. "Watu mia nane wamelichukua andiko hili. Kama lina kosa, wamelichukua na kosa lake. Na wauguzi wanawatukana kina mama kwa sababu ya herufi zangu. Nimekaa na hili mwaka mzima. Nimepiga hesabu upya mara kumi. Hesabu ni nzuri. Basi kosa liko huku, kwenye kuuliza. Wewe ndiye uliyeuliza, Mwana. Unakumbuka chochote?"

Kijiti kilipasuka motoni. Mwanahamisi aliuchochea moto, ingawa haukuhitaji kuchochewa. Hapo ndipo alipokuwa akipangojea kwa miaka sita: Wema amekaa kwenye kigoda chake, anamwuliza yeye. Utamu ulipanda mpaka mdomoni.

"Ni zamani, dada," akasema. "Sikumbuki."

Ndivyo walivyokuwa wakijibu wale kina mama siku ya kwanza. Wema naye alilitambua jibu hilo, maana alimtazama usoni. Kisha akafunga daftari.

"Haya. Nikajaribu nyumba zilizobaki kabla mvua haijashuka." Akamrudishia mtoto, akasimama, akajifunga mtandio. "Asante kwa chai."

Mgeni alikuwa anatoka mikono mitupu.

Katika nyumba ile hilo halikuwahi kutokea. Bi Zainabu hakumruhusu hata mtu aliyekuja kudai jembe lake atoke bila kitu cha shamba mkononi, na alikuwa na msemo wake wa kuita kutoka chumbani: "Mwana, mgeni anabeba nini?" Mwanahamisi aliinuka kwa mazoea. Aliingia chumbani kutafuta japo kabichi, na harufu ya mapeasi ikampokea mlangoni, nzito, tamu, imejaa chumba kizima hadi kwenye shuka na nguo za mtoto. Ya chini yalikuwa yameanza kulegea. Tenga lililokuwa karibu lilikuwa la Bi Zainabu mwenyewe, mshikio wake umeshonwa kwa uzi wa bluu. Mkono wa mama mkwe ulipita hapo hapo, miaka ile, na kisha ukapita titini.

Basi waambie.

Alilibeba tenga bila kuliondolea kanga, akalitua miguuni kwa Wema, ndipo akaifunua.

Wema aliinama, akachukua peasi moja, akalizungusha vidoleni. Lilikuwa limeiva sawasawa, na kijani chake kimegeuka njano.

"Haya ni ya leo?"

"Ya jana."

"Leo ni tarehe..." Alitazama nje, kwenye mpeasi uliobaki majani matupu, na ardhi iliyofagiliwa kuliko inavyofagiliwa ardhi ya chini ya mti. Alirudi kukaa kigodani polepole, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. "Machi. Huku yanaiva Machi."

"Chini ni Januari, dada. Mimi nilikuwa mtu wa chini. Nilikuambia nilichokijua."

"Ukajua lini?"

Angeweza kusema leo. Angeweza kusema sasa hivi, nimeona uso wako nikaelewa. "Mwaka nilioolewa," alisema. "Miaka sita. Nilikuwa juu ya ngazi."

Wema alilizungusha peasi tena. Mtoto alinyonya kidole.

"Sikukupigia kwa sababu ya wivu," Mwanahamisi aliendelea. "Siku ile baba yako anasoma barazani nilisubiri jina langu. Watu mia nane wanauliza wanawake kwa maneno niliyoyasema mimi kwenye nyumba ya nne, na wanaita Njia ya Wema. Nikasema acha, kosa libaki langu. Angalau hilo niwe nalo. Mama mkwe alikuwa anarudi kliniki analia kwa hasira, mimi najua, nimenyamaza, namwekea maji ya kuoga."

"Nililiandika jina lako," Wema alisema. "Mara ya kwanza lilikuwepo, la pili baada ya langu. Mwalimu wangu wa chuo alilikata. Akasema mtu wa darasa la saba hakai hapo, utachekwa. Ningeweza kubisha. Sikubisha. Nilitaka langu litoke." Aliweka peasi kwenye mapaja. "Nimeuona mti ulivyofagiliwa, Mwana. Sina haki ya kukasirika, na nimekasirika."

Nje, bodaboda alipiga honi mara moja akaacha.

Kisha Wema alifungua daftari jekundu mahali palipobaki kurasa nyeupe, akalipindua kuelekea kwa mwenyeji, akaweka kalamu katikati.

"Lazima masahihisho yachapwe, na watu wote mia nane wayaone. Jina lako litakaa juu, kabla ya langu, na safari hii halikatwi na mtu. Lakini sitaki niandike mimi kwa niaba yako. Andika mwenyewe, kwa Kiswahili chako, mimi nitafsiri neno kwa neno. Anza na nyumba ya nne. Andika mlivyoulizana, andika ulivyosema Januari. Mwandike mama mkwe wako, na miezi yake miwili."

Mwanahamisi aliitazama kalamu.

"Na miaka sita," Wema alisema. "Naomba uiandike na hiyo."